Konokono wa bahari nyumbani Kitui na Makueni: Siri imo mchangani

NI nadra mwenyeji wa Kitui au Makueni kuudharau mchanga. Kiangazi kinapokaza, mito ya msimu kama vile Tiva, Nzeeu na Kaiti hugeuka kuwa njia pana za mchanga mkavu, ilhali chini ya mchanga huo mna maji ambayo akina mama huyachota kwa kata na wachungaji huwanyweshea ng'ombe wao.

Kwa kuitegemea siri hiyo, shirika la SASOL pamoja na makundi ya wanavijiji yamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika Kitui tangu miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji hukinga mto, mafuriko huleta mchanga, nao mchanga huhifadhi maji ambayo jua haliwezi kuyakausha kwa urahisi.

Baharini, mchanga huficha kitu kingine. Maji yanapokupwa katika fukwe za Diani, Watamu au Shimoni, mgeni kutoka bara hutembea juu ya konokono wengi pasipo kumwona hata mmoja. Wamejizika. Hungoja maji yajae, au harufu ya chakula iwafikie, ndipo watoke.

Konokono hao wamekuwa wakaazi wa kawaida katika matangi ya kioo ya maji ya chumvi yanayopambia nyumba, hoteli na shule katika nchi nyingi. Je, mzazi wa mjini Kitui au mwalimu wa sayansi wa Wote, aliye mamia ya kilomita kutoka Bahari Hindi, anaweza kuwafuga?

Jibu ni ndiyo, ila kwa masharti. Sharti kuu ni kuelewa kwamba konokono wa aina hii huishi au hufa kulingana na hali ya mchanga wake. Anayeweza kuutunza mchanga ukiwa hai ataweza kumtunza konokono. Anayeuchukulia kuwa pambo la chini ya tangi atamzika mnyama wake humo humo.

Konokono wepi wanaofaa?

Si kila konokono ajizikaye mchangani anayefaa kufugwa. Walio wepesi zaidi kwa anayeanza ni wale wa jenasi iitwayo Nassarius. Wengi wao wana ganda lenye ncha, lenye urefu wa sentimita moja hadi tatu hivi.

Mchana hujizika na kuacha mrija mwembamba tu ukichungulia juu ya mchanga. Kwa mrija huo huvuta maji na kunusa kilichomo. Kipande cha samaki kikitumbukizwa tangini, baada ya muda mfupi mchanga hufumuka hapa na pale, nao konokono huchomoza mmoja baada ya mwingine na kukikimbilia chakula kwa kasi ambayo wengi hawaitarajii kwa konokono.

Chakula chao ni nyama ya viumbe waliokufa. Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea. Wao huwanunua wakidhani kwamba watakula mwani wa kijani unaotanda kwenye kioo, kisha hawawalishi kitu kingine. Konokono wa Nassarius hali mwani. Akinyimwa nyama, hudhoofika polepole chini ya mchanga, na mwenyewe hatambui hadi maji yaanze kunuka.

Anayehitaji mla mwani atafute konokono wa jenasi ya Cerithium, mwenye ganda refu lililosokotwa kama parafujo. Huyu hula mwani na mabaki laini, na hujizika kiasi. Wawili hao wanaweza kuishi pamoja bila ugomvi, kwa maana chakula cha mmoja si chakula cha mwingine.

Wapo pia wanaojizika kwa nia ya kuwinda. Mtu aliyewahi kuokota kombe ufukweni akaliona lina tundu dogo la mviringo, lililochimbwa kwa ustadi kana kwamba ni kwa keekee, ameiona kazi ya konokono wa jamii ya Naticidae. Hawa huwatoboa chaza na kombe wengine wakiwa ndani ya mchanga na kuwala. Hawafai katika tangi lenye viumbe wengine wenye makombe.

Kuna kundi jingine ambalo halifai kabisa kuingizwa nyumbani. Tutalirejelea baadaye, kwa kuwa ni suala la uhai wa binadamu.

Maji ya chumvi si maji ya bahari

Wakaazi wengi wa Kitui na Makueni wanayajua maji ya chumvi. Visima vingi vilivyochimbwa katika kaunti hizi mbili hutoa maji yenye ladha ya magadi au chumvi, na baadhi ya watu wanaweza kudhani kwamba kwa konokono wa bahari hilo ni jambo la heri.

Sivyo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, wakati kisima kinachowakera wanywaji mara nyingi huwa na gramu chache tu kwa kila lita. Isitoshe, chumvi ya kisima hutokana na miamba ya mahali kilipochimbwa, na mchanganyiko wake hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Huenda ikawa na floraidi nyingi na kalsiamu haba, au kinyume chake.

Maji ya bahari yana mizani yake. Kila lita ina takriban miligramu 400 za kalsiamu na 1,300 za magnesiamu. Konokono huitumia kalsiamu hiyo kujengea ganda lake, kama vile kuku anavyohitaji chokaa ili ganda la yai lisiwe laini.

Kwa sababu iyo hiyo chumvi ya jikoni haifai. Chumvi inayovunwa katika mashamba ya Gongoni na Marereni, Kaunti ya Kilifi, hutoka baharini, lakini katika utengenezaji wake sehemu kubwa ya madini mengine huachwa nyuma, kisha iodini huongezwa kwa ajili ya afya ya binadamu. Ukiikoroga majini utapata maji makali, wala hutapata bahari.

Njia mbili ndizo zinazotegemewa. Ya kwanza ni kuchota maji ya bahari yenyewe, mbali na bandari, mitaro ya miji na midomo ya mito, wakati maji yamejaa. Lakini lita 100 za maji hayo zina uzito wa kilo 102 na nusu, na kutoka Mombasa hadi Mtito Andei pekee ni zaidi ya kilomita 200 za barabara. Kitui ni mbali zaidi.

Njia ya pili, ambayo huwafaa watu wa bara, ni kununua chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya viumbe wa baharini na kuichanganya na maji safi. Mchanganyiko hukorogwa kwa pampu katika ndoo au pipa la plastiki kwa muda wa siku moja kabla ya kutumika. Chumvi haikorogwi ndani ya tangi lenye wanyama.

Maji safi ya kuchanganyia yanapaswa kuwa yaliyochujwa kwa mtambo unaoondoa madini. Maduka ya kuuza maji ya kunywa katika miji mingi ya Kenya huyatumia mitambo ya namna hiyo, lakini mnunuzi aulize kwanza, kwani baadhi ya wauzaji huongeza madini baadaye kwa ajili ya ladha.

Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la mabati yana hitilafu yake. Mabati hupakwa zinki, na zinki huyeyuka kidogo kidogo katika maji ya mvua. Binadamu haimdhuru kwa kiasi hicho, lakini konokono na jamaa zake wasio na uti wa mgongo hudhurika upesi kwa zinki na shaba. Kwa hiyo maji ya paa yachujwe kwanza kwa mtambo huo huo.

Chombo kimoja cha kupimia hakiepukiki. Ni kile kinachoonyesha wingi wa chumvi majini, kiitwacho haidromita, au kingine kilicho sahihi zaidi kiitwacho refraktomita. Kipimo kinachotakiwa ni 1.025 hivi, maji yakiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi.

Mchanga wa mto au wa bahari?

Mchanga mweupe wa fukwe nyingi za pwani umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi kwa karne nyingi. Ni chokaa. Ukiwa majini husaidia kuzuia maji yasigeuke kuwa na asidi. Mchanga wa mito ya Ukambani, kwa upande wake, umetokana na miamba mikongwe na migumu ya bara. Sehemu yake kubwa ni silika, ambayo haiyeyuki wala haiongezi kalsiamu.

Mchanga wa mto hauna sumu kwa asili yake, lakini una kasoro mbili. Punje zake mara nyingi ni kubwa na zenye kingo kali zinazoweza kuukwaruza mwili laini wa konokono anayechimba. Aidha, mito mingi huwa na punje nyeusi zenye chuma. Pitisha sumaku juu ya mchanga mkavu nawe utaziona zikirukia. Heri kununua mchanga wa chokaa ulioandaliwa kwa matangi, wenye punje za nusu milimita hadi milimita mbili.

Kina kinachofaa ni sentimita tano hadi nane. Pungufu ya hapo, konokono hawezi kujizika vizuri na hubaki akihangaika juu juu. Zaidi ya hapo, tabaka la chini hukosa oksijeni, nao mchanga hugeuka kuwa mweusi na kutoa gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo, haidrojeni salfaidi, ni sumu.

Hapa mfano wa bwawa la mchanga unasaidia. Mwenyeji wa Kitui anajua kwamba mchanga si kitu kizima. Kati ya punje na punje kuna nafasi, na nafasi hizo zikijumlishwa zinaweza kubeba maji yanayozidi robo ya ujazo wote wa mchanga. Katika tangi la kioo, nafasi hizo hizo ndimo wanamoishi bakteria wanaosafisha maji.

Konokono anapojizika na kuchomoza, huufukua mchanga huo na kuyaruhusu maji yenye oksijeni kuteremka. Kwa kufanya hivyo huwapa bakteria pumzi na kuzuia mchanga usishikamane kama sakafu. Huo ndio ufundi wake mkubwa. Mnyama huutegemea mchanga, nao mchanga humtegemea mnyama.

Wiki sita za subira

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tangi jipya, hata likiwa na maji mazuri na mchanga bora, ni mahali pa kifo kwa konokono katika wiki za mwanzo.

Sababu ni kwamba uchafu wa wanyama na mabaki ya chakula hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu kali. Aina moja ya bakteria huibadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Aina nyingine huibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo iwapo haitalimbikizana. Bakteria hawa huchukua kati ya wiki nne na sita kuongezeka kiasi cha kutosha.

Katika kipindi hicho, mfugaji huweka tangini kipande kidogo cha kamba au samaki kioze, akiacha pampu ikizungusha maji. Kila baada ya siku chache hupima kwa vifaa vya rangi vinavyouzwa kwa ajili hiyo. Amonia hupanda, kisha hushuka. Nitriti hupanda, kisha hushuka. Vyote viwili vikifika sufuri na kubaki hapo kwa wiki nzima, tangi liko tayari.

Anayeanza asichague tangi dogo mno kwa kudhani ni rahisi. Maji machache hubadilika upesi. Lita 80 hadi 100 humpa mfugaji muda wa kurekebisha kosa kabla halijaua.

Kuwaingiza na kuwalisha

Konokono wa bahari hana uwezo mkubwa wa kustahimili mabadiliko ya ghafla ya chumvi. Akitolewa katika mfuko aliosafirishiwa na kutumbukizwa moja kwa moja, huenda akafa kabla ya siku kwisha.

Mwekeni katika bakuli pamoja na maji aliyokuja nayo, kisha mdondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba, tone baada ya tone, mithili ya dripu ya hospitalini. Kazi hiyo ichukue saa moja na nusu au mbili. Maji ya mfuko yasimwagwe tangini, kwani huenda yana dawa ya shaba au uchafu.

Konokono mmoja kwa kila lita 15 au 20 wanatosha. Wakizidi hapo watagombania chakula, na waliokosa watakufa njaa bila kuonekana.

Kuwalisha si kazi ngumu. Mara mbili au tatu kwa wiki, watilie vipande vya samaki au kamba vyenye ukubwa wa punje ya hindi. Omena iliyolowekwa pia hufaa, mradi haijapikwa kwa mafuta wala viungo. Kilichobaki baada ya saa chache kiondolewe. Ugali, mkate na mabaki ya mezani havina nafasi hapa.

Huenda siku moja ukaona vijifuko vidogo vilivyopangwa kwa safu kwenye kioo. Hayo ni mayai. Si rahisi kupata watoto kutokana nayo, kwa sababu viluwiluwi vyake huelea majini kwa muda kabla ya kutua mchangani, na katika tangi la nyumbani pampu na njaa huviangamiza karibu vyote.

Konokono anapokufa, kile kifuniko kinachoziba mlango wa ganda hulegea, na ukimnusa harufu yake haifichiki. Mtoe mara moja, kwani mzoga mmoja uliofichika mchangani unaweza kujaza tangi zima amonia. Ndiyo maana ni busara kuwahesabu kila wakati wa kuwalisha. Asiyechomoza mara mbili mfululizo atafutwe.

Joto, upepo mkavu na umeme

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 24 na 27. Mjini Kitui, ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai unaweza kuhitaji kifaa cha kupasha maji joto. Kibwezi na Mtito Andei, ambako kiangazi cha Februari ni kikali, shida huwa kinyume chake. Tangi lisiwekwe dirishani wala chini ya mabati yasiyo na dari, na feni ndogo inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi kadhaa.

Hata hivyo feni na hewa kavu huongeza uvukizaji, na hapa kuna hesabu ambayo kila mfugaji anapaswa kuielewa. Tangi la lita 100 lina kilo tatu na nusu za chumvi. Maji yakivukiza lita 10, chumvi hubaki yote. Sasa kilo hizo tatu na nusu zimo katika lita 90, na kila lita ina karibu gramu 39 badala ya 35.

Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, kila siku. Chora mstari kwenye kioo panapofikia maji, na usiache yashuke chini yake zaidi ya upana wa kidole. Anayeongeza maji ya chumvi kufidia yaliyovukiza huwaua wanyama wake pole pole huku akidhani anawahudumia.

Umeme nao hukatika. Pampu ikisimama, oksijeni hupungua majini, na mchangani hupungua mapema zaidi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri au nishati ya jua, ambayo si ngeni katika nyumba nyingi za Ukambani, ni sehemu ya vifaa vya lazima.

Mshale wenye sumu

Wakamba walisifika tangu jadi kwa upinde na mishale iliyopakwa sumu ya miti. Kwa hiyo huenda wao wakaelewa kwa wepesi kuliko wengine habari za konokono wa jenasi ya Conus.

Konokono huyu ana ganda la kupendeza, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, lenye madoa au mistari ya rangi. Hujizika mchangani mchana na kuwinda usiku. Ndani ya mdomo wake mna jino lililo kama mshale, lililojazwa sumu, ambalo humfyatulia samaki, nyungunyungu au konokono mwenzake.

Aina iitwayo Conus geographus, inayopatikana katika Bahari Hindi na Pasifiki, imewahi kuua watu. Sumu yake hulemaza misuli, hata ile ya kupumulia. Hakuna dawa ya kuipinga. Anayedungwa hukimbizwa hospitalini ili asaidiwe kupumua hadi sumu iishe nguvu. Mambo hubadilika, kwani sumu ya jamaa yake, Conus magus, ndiyo iliyowapa wanasayansi dawa ya maumivu makali iitwayo ziconotide, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2004.

Funzo ni moja. Usiokote konokono mwenye umbo hilo, usimtie mfukoni, wala usimweke katika tangi lililo karibu na watoto. Kumshika upande ule mpana si kinga, kwa kuwa mdomo wake hurefuka na kufika mbali.

Kinyume chake, hofu ya kichocho isiwatishe wafugaji. Vimelea vya kichocho hukua ndani ya konokono wa maji baridi, wale wa madimbwi, mifereji na mito iendayo polepole. Konokono hao hawawezi kuishi katika maji ya bahari, na wasikusanywe mtoni kwa ajili ya kufugwa.

Sheria na bahari

Pwani ya Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo na viumbe wengine kwa miaka mingi, na biashara hiyo huhitaji leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016. Katika hifadhi za baharini zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kama vile Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuondoa kiumbe au hata kombe tupu.

Kwa hiyo mtalii wa siku mbili asijaze chupa konokono na mchanga kutoka ufukweni. Anunue kwa mwenye leseni na aulize mnyama alitoka wapi. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), yenye makao Mombasa, ndiyo inayochunguza hali ya viumbe hao.

Watu wa Makueni wana sababu yao ya kulielewa hili. Walishuhudia mito ikichimbwa hadi kwenye mwamba na maroli ya mchanga, na visima vya mchangani vikikauka, hata kaunti ikapitisha sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015. Ufuo wa bahari nao huchoka unapochotwa kila siku na kila mpita njia.

Vile vile, konokono asiyetakiwa tena asitupwe mtoni wala kurudishwa baharini. Mtoni atakufa, na baharini anaweza kupeleka maradhi. Apewe mfugaji mwingine.

Gharama ya maji

Lipo swali la mwisho, nalo ni zito mahali ambapo mtungi wa lita 20 una bei. Tangi la lita 100 huhitaji kubadilishiwa lita 10 hivi kila baada ya wiki moja au mbili, mbali na yale yanayovukiza. Mtambo wa kuondoa madini nao humwaga lita kadhaa kwa kila lita moja unayopata.

Maji yaliyokataliwa na mtambo huo si machafu. Yafulieni nguo au yasafishieni choo. Maji ya chumvi yaliyotolewa tangini, kwa upande mwingine, yasimwagwe shambani wala karibu na miche, kwa maana chumvi huharibu udongo kwa muda mrefu.

Familia ambayo bado hutembea mbali kutafuta maji ya kunywa haina haja ya kuongeza mzigo huu. Lakini kwa shule yenye matangi ya kutosha, au nyumba yenye maji ya uhakika, lita hizo zinaweza kuwafunza watoto ambao hawajawahi kuiona bahari jinsi ganda linavyojengwa, jinsi uchafu unavyogeuzwa na bakteria, na kwa nini mchanga hauwezi kuchotwa bila kikomo.

Anayetaka kuanza ajaribu hivi: aweke mchanga, maji na pampu, akae nao miezi miwili bila mnyama yeyote, akipima chumvi na kuongeza maji kila siku. Akiona kazi hiyo inamchosha, atakuwa hajapoteza uhai wa kiumbe. Akiona anaimudu, basi anunue konokono wawili tu, awape siku chache za kuzoea, kisha atumbukize kipande cha samaki na kuutazama mchanga.